Donge la Bundi kama Hati ya Historia: Kutoka Fuvu hadi Vinasaba

Bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba wengi wa Kiafrika huingiwa na hofu ya msiba. Makala haya hayakusudii kuichunguza imani hiyo. Yanakusudia kueleza jinsi masalio ayatapikayo ndege huyo yalivyopata kuwa chanzo cha elimu, na kupima chanzo hicho chaaminika kwa kiasi gani.

Bundi humeza panya mzima. Nyama huyeyuka tumboni, bali mifupa, meno na manyoya hushikamana yakawa donge, nalo hutemwa baada ya saa kadhaa. Kwa kuwa ndege huyu hupenda kurudi mahali pamoja, madonge hurundikana chini ya makao yake mwaka baada ya mwaka. Juu wamo walioliwa jana. Chini, walioliwa zamani.

Wataalamu wa Kijerumani, akiwamo Bernard Altum, waliyachambua madonge hayo tangu miaka ya 1860. Lakini ni Marekani ambako kazi hii ilipata uzito wa kisiasa. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kumlipa senti 50 kila aliyeua mwewe au bundi, na maelfu wakauawa kabla sheria hiyo haijafutwa mwaka 1887. Mwaka 1893 A. K. Fisher alichapisha uchunguzi wake. Katika madonge 200 yaliyookotwa kwenye mnara wa Smithsonian, mjini Washington, yalihesabiwa mafuvu 454: 225 ya panya wa mbugani, 179 ya panya wa nyumbani, na moja tu la ndege. Mkulima alikuwa amelipwa ili amuue mlinzi wa shamba lake!

Hata hivyo, fuvu halisemi yote. Virukanjia wa jenasi Crocidura wana spishi zaidi ya 150, na nyingi kati yao hufanana mno kwa meno; tena fuvu mara nyingi hutoka tumboni limevunjika. Hapo ndipo vinasaba, yaani ADN, vilipoingia. Mwaka 1984 wataalamu walifaulu kusoma kipande cha ADN kutoka ngozi kavu ya kwaga, mnyama wa Afrika Kusini wa jamii ya punda milia, ambaye wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Mbinu ya kunakili ADN mara nyingi, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, ikawezesha hata chembe chache kutosha. Basi mwaka 1996 Pierre Taberlet na Luca Fumagalli wakaonyesha kwamba mifupa iliyomo katika donge la bundi hutoa ADN ya mitokondria inayosomeka. Katika seli moja ADN hiyo imo kwa nakala nyingi, ndiyo maana huponea pale nyingine inapoharibika. Tangu hapo iliwezekana kutafiti nasaba ya wanyama wadogo pasipo kumtega wala kumwua hata mmoja.

Mwanahistoria atauliza, na ni haki yake: shahidi huyu ana upendeleo gani? Anao. Bundi wa maghala huwinda zaidi mahali pa wazi, na humeza kinachoingia kooni, asiyemkamata haandikwi. Tena joto na unyevu huiharibu ADN upesi, kwa hiyo donge lililolala msituni halilingani na lililokauka ndani ya mnara. Hati hii yahitaji kuhakikiwa kama barua ya mmisionari au hesabu ya mfanyabiashara wa pembe.

Kwetu Kongo jambo hili lina uzito wa pekee. Bundi wa Itombwe, Phodilus prigoginei, alipatikana mwaka 1951, akapewa jina na Henri Schouteden mwaka 1952. Kwa miaka 45 elimu ilimjua kwa mfano mmoja tu, uliohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Wa pili alinaswa mwaka 1996, mwaka ule ule wa makala ya Taberlet. Ikiwa ndege mwenyewe alifichika hivyo, je, hao anaowala? Mwanafunzi wa Bukavu au Kisangani aweza kuokota donge bila bunduki wala mtego, akalikausha, akaliweka katika bahasha yake peke yake, na kuandika mahali na tarehe. Kulisoma ni shughuli nyingine: mashine ya kunakili ADN huhitaji umeme usiokatika, na dawa zake hutunzwa katika baridi kali.