Homoni, hofu na uzazi: Kalunguta na jirani zake

Homoni ni kemikali zinazotolewa na tezi na kuchukuliwa na damu hadi viungo vya mbali, ambako huamuru kipi kifanyike sasa na kipi kingoje. Amri hizo zina uzito wa pekee Kalunguta, eneo la afya katika teritwari ya Beni, Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC). Upande huu wa Beni na Butembo, wakulima wamekuwa wakikimbia mashamba tangu mauaji ya raia ya Oktoba 2014, na Ebola ikawaongezea msiba kati ya Agosti 2018 na Juni 2020.

Risasi zikisikika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo; moyo huenda mbio, misuli hukaza. Dakika chache baadaye hufuata kotisoli, inayopandisha sukari ya damu na kuahirisha kazi zisizo za haraka, uzazi ukiwemo. Hayo yanafaa kwa hatari inayopita. Lakini hofu ya miezi huharibu usingizi, kumbukumbu na kinga. Nyani nao wako hivyo: huko Maasai Mara, Kenya, mtafiti Robert Sapolsky aliona kwamba vyeo ndani ya kundi vikitulia, madume wanyonge ndio wenye kotisoli nyingi.

Kwa mama anayenyonyesha, prolaktini hutengeneza maziwa na oksitosini huyasukuma yatoke. Hofu kali huzuia oksitosini, na mama aliyekimbia usiku huambiwa maziwa yamekauka. Hayajakauka. Akipata utulivu na mtoto akiendelea kuwekwa titini, hutoka tena. Maziwa ya kopo pasipo maji safi ni hatari kubwa zaidi. Prolaktini hiyohiyo huchelewesha hedhi: vipimo vya miaka ya 1970 huko Kivu vilionyesha kuwa hubaki juu zaidi kwa anayenyonyesha mara nyingi kwa siku.

Ushahidi mzito zaidi kwamba njaa huahirisha uzazi unatoka msitu wa Ituri, jirani na Beni. Miaka ya 1980 mtafiti Peter Ellison na wenzake walipima projesteroni, homoni ya uzazi, katika mate ya wanawake Walese, ambao ni wakulima. Miezi ya njaa kabla ya mavuno, uzito ulipungua na homoni hiyo ikashuka. Yai lilipevuka mara chache zaidi. Kwa hiyo hata Kalunguta, anayekawia kushika mimba baada ya kuacha shamba lake hajarogwa, wala hana kosa. Walese walipovuna, mimba ziliongezeka, na vizazi vikafuata majira ya shamba.