Pentekoste na lugha zetu
Vijana wenzangu, Pentekoste inakumbusha ile siku ya Yerusalemu, wageni wa nchi nyingi walisikia habari njema kila mtu kwa lugha yake. Hapa Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, hiyo si habari ya mbali. Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Mwaka 2016 vita viliporudi Juba, wengi wetu tulipokewa na hao hao. Waepiskopo wa Sudan Kusini na Waanglikana wa Uganda ni familia moja. Sasa ibada ikiwa ya lugha moja tu, nani atabaki nje? Tuombe zamu ya kusoma, na sisi tujifunze nyimbo za Kilugbara. Mwenyeji wa leo jana alikuwa mgeni.