Ritifaa ya Ng'ombe: Kutoka Ghaini hadi Baiti

Neno ng'ombe lina mizani mbili, na hilo malenga hawalibishii. Mwulize mwanafonolojia, atakuambia lina sauti nne: ng', o, mb, e. Mpiga chapa akihesabu alama zake, ritifaa ikiwamo, atapata saba. Ukiiuliza kompyuta limechukua baiti ngapi, itajibu saba au tisa, kutegemea umbo la ritifaa uliyoandika.

Hesabu hizi nne zimenishughulisha sana hapa Mponde, kwa sababu ninakusanya mashairi ambayo watu wa milima hii hutumiana kwa ujumbe mfupi wa simu. Mengi yamo katika simu za zamani ambazo betri zake zinakufa moja baada ya nyingine. Simu ikifa, shairi nalo limekwenda. Nikitoa nakala ya kumbukumbu zake, ninachopata ni safu ndefu ya tarakimu, na ndipo kazi ya kusimbua inapoanza. Katika kazi hiyo, alama iliyonisumbua kuliko zote ni ritifaa. Huku kwetu haikwepeki: kwa Kishambaa mtoto ni ng'wana na mwaka ni ng'waka.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko simu. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ghaini ilibeba mzigo mkubwa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, na humo tunaona kwamba herufi hiyo moja ilisimama mahali pa gh, g, ng na ng'. Vivyo hivyo be ilikuwa b, p, mb au mp. Barua ya namna hiyo haikumchosha aliyejua lugha, kwa kuwa msomaji alisoma kwa jicho na kwa sikio pamoja. Katika utenzi, mizani na vina vilimsaidia zaidi: silabi ikizidi au kupungua, alijua amekosea usomaji, akarudi nyuma. Husema mizani ni pambo. Kwangu mimi, katika maandishi ya aina ile, ilikuwa pia mlinzi wa ujumbe.

Johann Ludwig Krapf alipopanda Usambara mwaka 1848 kumwona Kimweri ye Nyumbai kule Vuga, tayari alikuwa katika shughuli ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Herufi hizo zilileta irabu tano zilizo wazi, faida isiyopingika. Lakini hazikuwa na herufi ya sauti ya kwanza ya ng'ombe. Ikabidi itafutwe alama, na iliyopatikana ni hii ndogo inayoning'inia juu ya mstari. Ilikuwapo njia nyingine. Mnamo 1930 taasisi ya lugha za Kiafrika iliyokuwa London ilipendekeza herufi ŋ kwa lugha za bara hili. Mwaka huohuo iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya kusanifisha Kiswahili, na Kiswahili Sanifu kikabaki na ng'. Wapo wanaosikitika. Mimi sisikitiki, na sababu nitaieleza.

Neno simu tumelipata kwa Kiajemi, nalo maana yake ni waya. Reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka 1905, chini ya milima yetu, waya ulikuwa ndio njia ya habari ya haraka, na alfabeti ya Morse ilikuwa na mapigo ya ritifaa: nukta, vistari vinne, nukta. Mwaka 1963 Wamarekani wakatoa jedwali la ASCII, lenye nafasi 128, ambamo kila alama hupewa namba ya biti saba. Ritifaa ya mashine ya taipu, ile iliyosimama wima, ikapewa namba 39. Herufi ŋ haikupata nafasi. Laiti wahenga wetu wa 1930 wangeichagua, ng'ombe asingeandikika katika kompyuta kwa miongo kadhaa.

Ujumbe mfupi wa simu ulijengwa juu ya hesabu hiyohiyo ya biti saba. Kila ujumbe hupewa baiti 140, yaani biti 1120. Gawanya kwa saba, unapata herufi 160. Inasimuliwa kwamba Mjerumani Friedhelm Hillebrand alifikia kipimo hicho mwaka 1985 baada ya kuhesabu herufi za sentensi alizozipiga taipu. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Hakuna aliyemfikiria malenga wa Kiswahili, na hata hivyo ubeti wa mishororo minne yenye mizani kumi na sita, pamoja na nafasi na mikato yake, hukaribia sana herufi 160. Ubeti mmoja, ujumbe mmoja. Ninaamini bahati hii imechangia kuzihuisha jibizano za mashairi vijijini kuliko tunavyokiri.

Bahati hiyo ina mwiba. Jedwali la simu lina herufi kubwa za Kigiriki na herufi za Skandinavia, lakini ritifaa yake ni ile iliyosimama tu. Simu nyingi za kisasa huipindisha ziandikapo, ipendeze. Ritifaa iliyopinda haimo katika jedwali, na ikiwamo moja tu, kwa kawaida simu hulazimika kuandika ujumbe mzima kwa mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi. Nafasi ya herufi 160 inakuwa 70. Ubeti wenye ng'ombe mmoja aliyepindwa hukatwa vipande vitatu, na mtumaji hulipia vitatu.

Kila kipande hutanguliwa na baiti sita. Tatu za mwisho hutaja namba ya ujumbe, jumla ya vipande, na zamu ya kipande hicho. Vipande vinaweza kufika vimepishana, na ni namba hizo zinazovipanga. Malenga wanaijua hila hii kwa jina jingine: katika pindu, kipande cha mwisho cha ubeti huwa mwanzo wa ubeti unaofuata, hata shairi likitawanyika kurasa linaweza kukusanywa. Naona pindu ni hila bora zaidi, kwa maana upangaji wake umo ndani ya maneno yenyewe.

Maafikiano kama haya, kwamba baiti ya ngapi ina maana gani, tunayaita itifaki. Wengi hulihusisha neno hilo na mabalozi na mazulia mekundu, lakini asili yake ya Kiarabu ni mapatano, na hakuna tafsiri inayofaa zaidi. Baiti hazijielezi. Ritifaa iliyopinda, katika mfumo wa baiti mbili, ni 20 kisha 19 kwa hesabu ya kumi na sita. Izisome kinyume, 19 kisha 20, unapata alama ya irabu ya Kilimbu, lugha ya Nepali. Ugomvi wa ipi itangulie, kubwa au ndogo, ulikuwa mkali hata Danny Cohen, mwaka 1980, akaufananisha na vita vya yai katika hadithi ya Jonathan Swift, ambamo watu wanauana kwa sababu ya upande wa kulipasulia. Sisi Waswahili tulikwisha kuchagua: tunasema ishirini na tano, kubwa mbele. Mwarabu husema tano na ishirini, na Mjerumani vilevile. Mtoto wa Usambara aliyejifunza Kurani kwa mwalimu na hesabu kwa Mjerumani alikuwa akigeuza mpangilio huo kichwani kila siku. Intaneti ilichagua kama sisi.

Kazi yangu ninaifanya kwa lugha ya programu iitwayo Python. Toleo lake la pili liliruhusu baiti na maandishi vichanganywe kana kwamba ni kitu kimoja, na kwa Kiingereza kisicho na madoido kasoro haikuonekana. Toleo la tatu, lililotoka tarehe 3 Desemba 2008, lilivitenga: baiti ni baiti, maandishi ni maandishi, na ukitaka kutoka huku kwenda kule taja mapatano unayotumia. Watengenezaji programu wengi walinung'unika kwa miaka. Mtu wa lugha angewaunga mkono waliotenga. Ile ngâ€™ombe mnayoikuta katika tovuti zetu ni ritifaa iliyopinda ambayo baiti zake tatu zimesomwa kwa mapatano ya watu wengine. Baiti zote zipo salama, aliyekosekana ni msomaji anayejua itifaki.

Hayo yote husimbuka. Lisilosimbuka nimelikuta katika simu moja ya vitufe, ambayo ritifaa yake hupatikana kwa kubonyeza mara nyingi, basi mwenyewe akawa haiandiki kabisa. Mshororo wake una maneno haya: ngoa moyoni. Kama ni ngoa, mtunzi anazungumzia wivu na tamaa vilivyomo moyoni. Kama ni ng'oa, anamwomba mtu aving'oe. Mizani ni zilezile, kina ni kilekile, na baiti ni sahihi zote. Ni ghaini ya Steere imerudi kwa herufi za Kirumi. Mtunzi ametangulia mbele ya haki. Katika mkusanyo nimeuandika mshororo kama ulivyofika, bila ritifaa, na pembeni nimeweka tarakimu zake.