Kuanika Betri

Kwa watu wa rika langu, betri iliyochoka ilianikwa juani. Chuo cha ualimu hakikutufundisha jambo hilo. Tulilikuta kwa wazee wetu, pamoja na lile la kuing'ata betri ndogo kwa meno. Betri zilipangwa juu ya bati tangu asubuhi, na jioni redio ikasema tena, japo kwa sauti ya mgonjwa. Tuliamini kwamba jua limeingia ndani yake.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kisarawe. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo vijana wa leo hawaijui, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwa wiki 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Nchi nzima walishiriki watu wapatao 2,000,000, na vyoo vilichimbwa kweli, maana nami nilishika jembe. Wanaoandika juu ya kampeni ile huisifu, na sifa hizo ni haki yake. Ila sijaona aliyeandika juu ya betri, na bila betri kikundi kizima ni watu waliokaa bure chini ya mwembe.

Redio yetu ilikula betri nne kubwa, kila moja volti 1.5. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa imeingia Dar es Salaam mwaka 1966, na betri za National zikafika hata kwenye maduka ya vijijini. Betri zilifika, fedha ya kuzinunulia ndiyo ilichelewa njiani. Basi hatukutupa kitu. Hata iliyokufa kabisa tuliipasua, tukatwanga unga wake mweusi pamoja na majani ya mihogo, tukapaka ubao wa darasani. Nimefundisha hesabu za sehemu miaka mingi juu ya betri kuukuu.

Nilimteua mvulana wa darasa la sita kuwa mtunza redio. Yeye ndiye aliyeanika betri, akazirudisha ndani, akaibeba redio hadi mwembeni. Wiki moja kikundi kilikusanyika, wazee kwa akina mama, na redio haikutoa hata mkoromo. Mwenyekiti alinitazama mimi, nami nikamtazama mvulana. Nilisema amechezea redio usiku kusikiliza muziki. Hakujibu neno. Kesho yake nilimchapa viboko vinne mbele ya mstari.

Siku chache baadaye, tulipokwisha changa fedha za betri mpya, niliamka alfajiri nikaikuta redio mezani kwangu ikiwa na joto la kitu kilichokesha. Redio za siku zile kitufe cha sauti ndicho hicho hicho cha kuzimia: ukikizungusha hadi mwisho hulia "tik". Mimi, nikishasikiliza taarifa ya habari, nilikizungusha mpaka sauti ikapotea, bila kuifikisha kwenye "tik". Nilifahamu papo hapo nani alikuwa amezimaliza betri za kwanza. Sikumwambia mtu, wala yule mvulana.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya helikopta. Siku hizi naishi Kibaha, Maili Moja, na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja huja likizo. Mama yake alimnunulia Kariakoo helikopta ndogo, urefu wake kama kiganja, ya kuendeshwa kwa rimoti. Ina mapanga mawili, moja juu ya jingine, yanayozunguka kwa kupingana ili mwili usizunguke nao. Tuligundua haraka kwamba mchana haisikii amri. Rimoti yake hutumia mwanga usioonekana, kama ile ya televisheni, na jua huumeza mwanga huo. Kwa hiyo tulirusha sebuleni, au uani jua likishatua. Nakiri kwamba nami nilishika zamu yangu, na pazia moja lilichanika.

Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyefanikiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutengeneza helikopta za mfano zilizoongozwa vizuri kwa redio. Zilibeba injini za mafuta, kwani betri za wakati huo zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Wakati yeye akirusha, sisi Kisarawe tulikuwa tukianika. Iliyobadilisha mambo ni betri ya lithiamu, ambayo Sony waliianza kuiuza mwaka 1991, na ambayo mwaka 2019 iliwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni nyepesi mno, ndiyo maana kijidude kile hupaa.

Jioni moja umeme ulikatika na helikopta ilikuwa imechoka. Mjukuu alisema tungoje. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba kesho ataianika juu ya bati la banda la kuku. Aliianika. Saa nane mchana tumbo la helikopta lilikuwa limefumuka, betri imevimba kama andazi.

Fundi wa simu wa jirani aliniamkia kwanza, kisha akanisomesha. Betri yetu ya zamani, joto na mapumziko vilikwamua kidogo kazi ya kemikali iliyozubaa ndani yake. Jua halikuongeza chochote, lilitoa kilichobaki. Hii ya lithiamu joto huivunja, hufanya gesi, na inaweza kuwaka moto. Ikijaa hufika volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 huharibika, kwa hiyo unaacha kurusha kabla haijaisha kabisa. Ukitoka kurusha, ngoja ipoe ndipo uchaji, wala usiiache ikichaji peke yake. Ukiiweka muda mrefu, iache nusu, mahali pa baridi.

Mama yake alipokuja Jumamosi, mjukuu aliinamisha kichwa akasema, "Mama, nimeiharibu." Nilikaa kimya. Kisha nikasema ni mimi niliyemwagiza, na usiku ule nikamsimulia habari za redio.

"Ulimwomba radhi, babu?"

"Bado."

"Bado mpaka lini, mume mwenzangu?"

Nilikwenda Kisarawe wiki iliyofuata. Mtunza redio wangu ana wajukuu, na miguu inamsumbua kuliko yangu. Baada ya "shikamoo mwalimu" na habari za nyumbani nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, mwalimu. Nilipita dirishani kwako usiku ule, taa ya redio ilikuwa inawaka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kwa mshangao.

"Ningesemaje?"

Mkewe akatuletea mihogo ya kuchemsha, tukala.