Bakshishi: Maana ya sarafu inayoachwa mezani

BAKSHISHI ni fedha anazopewa mhudumu na mteja kwa hiari, juu ya bei ya chakula au huduma. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na chimbuko lake ni tendo la kutoa. Kiini chake, basi, ni hiari. Kinachodaiwa si bakshishi tena bali ni bei.

Hata hivyo, mjini Voi si rahisi kila mara kutambua iwapo sarafu iliyobaki kando ya sahani ni shukrani, ni dharau au imesahauliwa tu. Mji huu uko yapata kilomita 150 kutoka Mombasa, kwenye barabara kuu ya kuelekea Nairobi, mahali inapochepuka njia ya kwenda Mwatate na Taveta. Abiria wengi hula upesi huku masikio yakiwa kwenye honi ya basi. Tuseme msafiri ametoa noti ya shilingi 200 kwa chakula cha shilingi 180, kisha akaondoka kabla ya kurudishiwa 20. Je, ametoa au amesahau?

Kwa mhudumu, swali hilo si dogo. Akiitia sarafu mfukoni kisha mwenyewe arudi kuidai, huenda akaitwa mwizi mbele ya wateja na mwajiri wake. Ndiyo maana ni ungwana kutamka wazi: "Chenji ni yako." Maneno hayo matatu huigeuza chenji kuwa bakshishi na kumwondolea mpokeaji shaka.

Ni muhimu pia kutenganisha bakshishi na mambo yanayofanana nayo. Kiinua mgongo, kwa matumizi ya leo, ni malipo ya mfanyakazi anapohitimisha utumishi wake. "Chai" au "kitu kidogo" mara nyingi ni jina la kuisitiri hongo, ambayo imeharamishwa na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016. Bakshishi hufuata huduma ambayo kila mteja angeipata. Hongo hutolewa ili mtu apendelewe, au auziwe haki ambayo tayari ni yake.

Kuhusu kiasi, desturi hutofautiana. Katika hoteli ndogo za mjini, wenyeji wengi hulipa bei tu, na hakuna anayeudhika. Katika hoteli za watalii zilizo ndani na kandokando ya mbuga za Tsavo, na kule Taita Hills, wageni huja na mazoea ya kwao. Nchini Ufaransa malipo ya huduma tayari yamo katika bei, hivyo sarafu chache mezani ni adabu ya kutosha. Marekani, ambako sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, sarafu chache huweza kuchukuliwa kuwa tusi. Nako Japani si kawaida kutoa bakshishi kabisa.

Kosa la baadhi ya wageni ni kuacha sarafu za kwao. Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hupokea noti za kigeni, si sarafu. Mhudumu aliyepewa sarafu za yuro humlazimu kumtafuta mtalii mwingine atakayezibadilisha kwa noti, la sivyo zitabaki kuwa pambo.

Malipo ya simu nayo yamebadilisha mambo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hasa baada ya huduma ya Lipa na M-Pesa kuja 2013, mteja hulipa kiasi kamili bila kubaki chenji. Akiongeza kitu juu, fedha huingia katika akaunti ya mwenye hoteli, na mhudumu huenda asijue kwamba alikumbukwa. Anayetaka kumshukuru mhudumu mwenyewe ni heri ampe mkononi, au aulize jinsi bakshishi zinavyogawanywa. Ikiwa risiti ina ada ya huduma, yafaa kuuliza pia kama inawafikia wafanyakazi.

Sarafu ya shilingi 20 iliyotolewa na Benki Kuu ya Kenya Desemba 2018 ina picha ya ndovu, mnyama anayeipa Tsavo sifa duniani. Ikitupwa mezani bila neno, yaweza kuonekana kama takataka aliyokwepa mteja kuibeba. Ikitolewa kwa mkono na kwa shukrani, ni heshima. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mhudumu huusoma moyo huo katika namna ya kutoa kabla hajahesabu alichopewa.