Umwembe wa Bugarama

Bugarama, katika wilaya ya Rusizi (mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006), ni bonde lenye joto, na miembe hulipenda. Embe lake bivu huliwa maji yakichuruzika hadi kiwikoni, wala hatuoni haya kulisema. Asili ya tunda hili ni Asia, na ya nanasi Amerika ya Kusini. Lakini Kinyarwanda kiliyapokea majina kwa Kiswahili: inanasi, ipapayi, indimu. Ajabu ni umwembe: jina la mti limekuwa la tunda pia. Sisi twadhani mche ulitangulia embe. Basi mwanafunzi wetu huandika, “Nimekula mwembe.” Zamani tulilikata kwa wino mwekundu, sasa twamsimulia kwanza safari ya neno.