Fremu ya Landrova: Chuma, Kutu na Historia

Katika vyombo vya usafiri vilivyoletwa Afrika Mashariki, ni vichache vilivyoingia katika lugha ya watu wetu upesi kama Land Rover. Bwana shamba, mganga wa wilaya na askari wa wanyama pori, wote walilipanda, na jina lake likawa landrova hata kwa mtu asiyejua kusoma. Mjini Thika, katika miaka ya 1970, magari hayo yaliunganishwa na mikono ya Wakenya wenyewe. Lakini wengi walilijua kwa sura ya nje tu. Uhai wake umo katika fremu, au chasi kama wasemavyo mafundi.

Gari hili ni mtoto wa dhiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza, na serikali ilikigawa kwanza kwa viwanda vilivyouza bidhaa nchi za nje. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover aliunda gari la majaribio juu ya fremu ya Jeep ya Kimarekani. Na tarehe 30 Aprili, 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Bodi ilifanywa kwa aluminiamu, iliyopatikana kwa wingi. Fremu, hata hivyo, haikuwa na budi kuwa ya chuma. Kwa kuwa mitambo ya kukandamiza chuma ilikuwa ghali, vipande bapa vilikatwa, vikachomelewa ukingo kwa ukingo, hata vikawa boriti yenye uwazi ndani, mfano wa sanduku refu.

Uwazi huo ndio nguvu yake, na ndio msiba wake. Tope na maji huingia kwa matundu madogo yakatulia humo. Nje rangi yang'aa. Ndani kutu yala. Katika miji ya pwani chumvi huuharakisha ulaji huo. Fremu nyingi za magari ya majaribio zilichovywa katika zinki. Zile za magari ya kuuzwa zikapakwa rangi tu.

Fundi anayetaka kuifufua fremu ya namna hii huanza kwa kupima, wala si kwa kukata. Hupima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, ili ajue kama imepinda. Kisha huigonga kwa nyundo yenye ncha, akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Penye uozo hukata mpaka afikie chuma safi, kwa maana kiraka kilichochomelewa juu ya kutu ni udanganyifu mtupu. Huchomelea kidogo upande huu, kidogo upande ule, joto lisije likaikunja fremu aliyotaka kuinyoosha. Akitaka kuichovya katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi za sentigredi, hapana budi aache matundu ya kupitisha hewa. Maji yaliyofungiwa ndani huweza kuipasua kwa kishindo.

Msomaji atauliza: fremu ikibadilishwa yote, gari ni lile lile? Waunda majahazi wanalijua swali hili, kwani mbao hubadilishwa moja moja juu ya mkuku ule ule. Kwa miaka mingi ofisi ya usajili ya Uingereza ilijibu kwa hesabu: katika kupima uhalisi wa gari lililobadilishwa sana, fremu ilipewa alama 5, na injini, ambayo wengi wetu tungeitukuza, alama 1 tu. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kutengeneza upya moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam, lililokuwa limetelekezwa miaka mingi, likiwemo shambani huko Wales. Na rangi yake ya awali iliyochakaa ikakusudiwa kuhifadhiwa.

Binafsi naona fremu yenye viraka vya kweli ina thamani kuliko mpya isiyo na kovu, ingawa anayelitegemea gari kwa safari za kila siku ana haki ya kuchagua vingine. Lakini namba iliyogongwa kwenye chuma cha zamani isikatwe ikatupwa. Na fundi aandike daftarini kipande kipi ni cha kale, kipi ni chake.